Bati la Bingwa na Mlima wa Ukweni

Mtaani kwetu wapo waliojifunza kusoma shuleni, na wapo waliojifunza kwa Bingwa. Yeye ni mchoraji wa mabango. Duka la dawa, kinyozi, fundi saa, kliniki ya meno yenye jino linalotabasamu, yote ni mkono wake. Hata ule ukuta wa nyuma ya soko unaokataza watu kujisaidia ni kazi yake. Wapo wasioutii, lakini hakuna aliyewahi kulalamika kwamba hausomeki.

Mtu wa namna hiyo hawezi kuwa na gari likakaa bila neno. Bingwa alipopata lake, foo-wili kuukuu la kupandia milima alilouziwa na mpima ardhi mstaafu (gari lenyewe lilikuwa limestaafu kabla ya mwenyewe), hakuuliza habari za breki. Alilizunguka akitafuta mahali pa kuandika. Milango ilikuwa na mabonde, boneti ilikuwa na kutu. Basi akakata bati lenye ukubwa wa mlango wa kabati, akalipaka rangi nyeupe likakauka, akalipaka tena, kisha akaandika kwa herufi nyekundu zenye kivuli cha dhahabu: BINGWA WA HERUFI. HATUKOSEI. Akalifunga kwa nati pale mbele, juu ya grili, mahali ambapo magari mengine huonyesha meno. Mtaa mzima tulikwenda kulitazama. Ukweli usemwe, bango lilikuwa zuri kuliko gari.

Mjini gari lile halikuwa na shida. Lilikwenda sokoni likarudi, lilibeba ngazi na makopo ya rangi, lilipita kwenye madimbwi yaliyowashinda wenye magari mapya. Lilikuwa na ugonjwa mmoja tu. Lilikuwa halifiki ukweni.

Mke wa Bingwa ni fundi cherehani anayeshona sare za shule, na kwa sababu hiyo tunamwita Mama Sare. Mama yake mzazi alikuwa akiishi peke yake juu mlimani. Barabara ya kwenda huko ni tambarare mpaka darajani, kisha inakumbuka kwamba ina safari ya mlima, na inaanza kupanda bila kupumzika mpaka mlangoni kwa bibi yule. Safari ya kwanza, gari lilichemsha katikati ya mlima, mvuke ukatoka kama bomba la kiwandani. Aliyewaokoa ni dereva wa lori la mawe, mtu anayemwita kila mwanamume shemeji, awe na dada au asiwe naye. Shemeji akatoa kamba. Bingwa akafika ukweni akiwa amevaa shati jipya, ameshika usukani wa gari linalovutwa, na mbele yake bango linalotangaza kwamba hawakosei. Majirani walilisoma kwa sauti.

Safari ya pili ikawa hivyohivyo. Ya tatu, majirani walitoka na vigoda kabisa, wakakaa kwenye kona kungojea. Huko juu wakampa jina, Bwana Kamba. Mtu aliyebatiza nusu ya maduka ya mji akapewa jina ambalo hakulichora yeye.

Si kwamba hakutafuta dawa. Gereji yetu ina fundi tunayemwita Daktari, kwa sababu humsikiliza mgonjwa akiwa amefumba macho, na kwa sababu baadhi ya wagonjwa hawatoki. Daktari alibadilisha pampu ya maji. Alizibua rejeta, ile inayopoza maji ya injini kwa upepo wa mbele, kisha akaiondoa na kuweka nyingine. Alibadilisha kila mpira unaopitisha maji. Mwishowe akalipakia gari mifuko ya saruji, akalipandisha kile kilima kikali cha kwenda kwenye tangi la maji la mji, nalo likapanda kama mbuzi. Daktari akafuta mikono, akasema kwa heshima zote kwamba gari ni zima, labda wakwe ndio wenye joto.

Jambo moja Daktari hakulijua. Kila mara gari lilipokwenda gereji, Bingwa alilifungua kwanza lile bati, akalifunika kwa shuka, akalisukuma chini ya kitanda. Mikono ya mafundi, alisema, ina grisi, na dhahabu haioshwi. Gari likirudi, bati linarudi mbele. Hakuna aliyeona ubaya wowote hapo. Hata mtu akienda hospitali huvua kofia.

Haya yote yangebaki mzaha wa familia kama mama mkwe asingeanguka. Msimu wa mvua uliopita aliteleza kwenye kizingiti cha jiko, akalala pale chini mpaka jirani alipokuja kuomba chumvi. Aliponyanyuliwa, neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza chumvi kiasi gani. Mama Sare aliposikia hakucheka. Alihamishia cherehani sebuleni, akaweka kitanda kwenye chumba chake cha kushonea, akashona pazia kwa kitambaa cha buluu kilichobaki kwenye sketi za wanafunzi. Kisha akamwomba mama yake ashuke wakae pamoja.

Mama alikataa. Basi la abiria hapandi, kwa kuwa mwenye mkwe mwenye gari akionekana stendi watu watasema nini. Na gari la mkwe je?

"Mimi sishuki mlima huu kwa kuburutwa," alisema. "Siku gari la mkwe wangu litakapofika mlangoni kwa miguu yake, nitapanda. Anayetembea kwa kamba ni ng'ombe."

Baadaye akatuma neno kupitia jirani wa chumvi. Waje mara moja ya mwisho, kabla mvua hazijaanza. Wakija kwa kamba, atawashukuru, atawalisha, na jambo la kuhama lisitajwe tena. Mama yule hakuwa na tabia ya kurudia neno. Mama Sare alizijua mvua za kule juu, alikijua na kile kizingiti.

Waliondoka asubuhi. Mama Sare alipakia madumu ya maji, machungwa kwenye mfuko, na alivaa sketi yake nzuri aliyoishona kwa ajili ya kwenda kumchukua mama. Ni mwanamke wa maneno mengi, hata sindano ikiwa mdomoni. Siku hiyo alinyamaza mpaka Bingwa akaanza kuisikia injini kuliko alivyotaka.

Darajani wakalikuta lori la mawe. Shemeji akawasalimia vizuri, akauliza habari za nyumbani, za kazi, za mama, kisha akaichukua kamba na kuiweka juu ya dashibodi yake, pale inapoonekana. Akawaambia wasiwe na haraka, yeye yuko nyuma. Basi wakaanza kupanda, naye akifuata polepole, kama yule fisi anayemfuata mtu akingojea mkono udondoke.

Mshale wa joto ulianza kazi mapema. Kwenye kona ya kwanza ulikuwa katikati, kwenye kona ya pili ukagusa nyekundu. Bingwa akapunguza gia, akafungua madirisha, akaongea na gari kwa upole, akaongea nalo bila upole. Chini ya jabali, pale ambapo barabara inapanuka kidogo, mvuke ukatoka. Akaegesha. Lori nalo likaegesha. Shemeji akakaa kwenye ngazi ya lori na kuanza kumenya muwa.

Bingwa akaiacha injini ikizunguka ili feni ipulize, kama alivyofundishwa na Daktari. Hakuwa na imani sana. Katika safari zote zile feni ilipuliza mpaka ikachoka na mshale haukujali.

Mama Sare akashuka. Ardhi ilikuwa na umande na tope la maji yanayochuruzika jabalini. Akatazama huku na huku, akatazama sketi yake, kisha akatazama mbele ya gari.

"Nifungulie hilo bati nikalie."

"Hilo si kiti," Bingwa akasema.

"Na hili si gari. Lakini tumelikalia tangu asubuhi."

Bingwa akaenda kutafuta spana. Alifungua nati moja moja, taratibu, kama mtu anayemvua mgonjwa nguo. Halafu, mawe yasije yakakwaruza dhahabu, akavua koti lake, akalitandika chini, akalilaza bati juu yake. Mama Sare alilitazama lile koti, ambalo lingeweza kuwa kiti tangu mwanzo, akaamua kwamba siku hiyo ilikuwa na mambo mengine. Akakaa. Akatoa chungwa.

Bingwa akarudi kwenye usukani kuutazama mshale, kama mtu anayekwenda kutazama msiba. Mshale haukuwa kwenye nyekundu. Akagonga kioo kwa kidole. Ukashuka zaidi. Injini ilikuwa inazunguka na mshale unashuka, jambo ambalo katika gari lile lilikuwa halijawahi kutokea mlimani. Ulikuwa kama bei, unajua kupanda tu. Mama Sare hajamaliza kutema mbegu za chungwa, mshale ukatulia katikati.

Bingwa akashuka akasimama mbele ya gari. Mahali palipokuwa na herufi zake aliiona rejeta, wazi, inavuta hewa. Kisha akamtazama mkewe aliyekalia bati. Kisha rejeta tena.

"Mama Sare," akaita. "Hebu inuka kidogo. Ingia ndani utazame mshale."

Akalinyanyua bati kwa mikono miwili, akaliegemeza kwenye grili, akalishikilia.

"Unasemaje?"

"Unapanda."

Akaliondoa. "Na sasa?"

Mkewe aliungojea mshale. "Unashuka."

Wakatazamana kupitia kioo cha mbele.

"Rudisha tena," mkewe akasema.

Akarudisha, akaondoa, akarudisha. Mara ya kwanza ilikuwa ya kujua. Zilizofuata, kwa jinsi tunavyomfahamu Mama Sare, zilikuwa za raha. Alicheka mpaka akalaza paji la uso kwenye usukani na honi ikalia, na Shemeji kule nyuma akashtuka, akaacha muwa, akaichukua kamba.

"Tangu siku ya kwanza," alisema akifuta machozi, "tunalipandisha mlima tumeliziba pua."

Bingwa hakucheka mara moja. Ieleweke kwamba ndoto yake haikuwa kufika tu. Alitaka kufika na jina lake mbele, watu wa kona ile ya vigoda wasome HATUKOSEI na wakose la kusema. Alilishika bati kifuani kama mtu anayeaga. Kisha akamtazama mkewe, ile sketi, yale madumu ya maji yaliyofungwa vizuri kwa uzi wa kushonea ili yasimwagike, na akalipeleka bati nyuma ya gari. Akalilaza chali na kulifunika uso kwa koti. Akangoja injini ipoe, akaongeza maji.

Shemeji alikuwa ameshafika na kamba begani.

"Leo hapana, shemeji," Bingwa akamwambia. "Limepona."

"Hivyo ndivyo unavyosemaga kila mara," Shemeji akasema, bila ubaya, na akarudi kuwasha lori.

Wakapanda. Wakaipita kona ambako gari lilifia safari ya pili. Wakaipita ile iliyowashinda safari ya tatu, ambayo bado ilikuwa na doa la oili yao. Mshale ulikaa katikati kama mgeni mwenye adabu. Bingwa akaongeza mwendo kidogo, kwa majaribio, halafu akaongeza bila majaribio. Mama Sare akaanza kuongea, kuanzia alipoishia jana yake, na hakunyamaza tena. Nyuma yao lori likazidi kuwa dogo, na kwenye kona kubwa ya juu wakaisikia honi yake, ndefu, si ya dhihaka. Hata fisi ana siku anamshangilia mtu mwenye mikono yake yote.

Vigoda vilikuwepo. Watu walikaa wakitazama bondeni, wakitegemea kuona lori kwanza. Gari likatokea peke yake, likawapita na vumbi lake, likasimama mlangoni kwa mama mkwe bila kikohozi. Bwana mmoja akakibeba kigoda chake akarudi kwake, kwa hasira ya mtu aliyenyimwa haki.

Mama mkwe alitoka na fimbo. Hakusalimia. Alilizunguka gari, akapapasa bampa ya mbele, akainama kwa shida kutazama chini yake, akatazama barabara alikotokea mkwewe.

"Kamba mmeificha wapi?"

"Hakuna kamba, Mama," Bingwa akasema. "Limepanda lenyewe."

Bibi akaweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa na joto la kawaida, kama la mtu mzima wa afya. Akakiacha hapo kwa muda, na binti yake akasimama kando, ameshika mfuko wa machungwa kwa mikono yote miwili.

"Haya," bibi akasema. "Sanduku liko nyuma ya mlango."

Mama Sare akaingia. Sanduku lilikuwa limejaa, limefungwa na mkanda, na juu yake palikuwa na vumbi jingi, la kutosha kuandikia jina. Halikufungwa wiki ile, wala mwezi ule. Alisimama akalitazama. Kisha akalipangusa vizuri kwa pindo la sketi yake nzuri, juu na pembeni, mpaka likawa kama limefungwa jana, ndipo akalitoa nje.

Waliteremka mchana, bibi amekaa mbele, akiwapungia majirani mkono kidogo tu, kama wanavyofanya watu walioshinda. Shemeji aliwapisha kwenye kona ya jabali, akavua kofia. Mkwe hakuulizwa lile bati limekwenda wapi, na mkewe hakulitaja, na hiyo mimi naihesabu miongoni mwa zawadi za ndoa.

Siku hizi bati limefungwa nyuma, kwenye mlango, ambako linasomwa na waliopitwa. Bibi anakaa dirishani kwenye pazia la buluu, anakagua kola za sare na kuzirudisha zisizomridhisha, nazo ni nyingi. Na ukisimama nyuma ya gari la Bingwa utaona kwamba ameongeza neno. Yeye anasema ni wazo lake. Mama Sare anasema lake. Limeandikwa kwa herufi ndogo, mwishoni, na dhahabu yake ndiyo nzuri kuliko zote alizowahi kupaka: HATUKOSEI SANA.