Sifuri ya Madame Domitille

Madame Domitille alikuwa binti wa fundi wa reli, mwembamba, mkali kama pilipili. Mwaka wa tisini na tatu, nchi ikibomoka na nusu ya walimu wa Lubumbashi wamekwenda kulima, yeye alitufundisha hesabu darasa la sita la sekondari. Chaki ilipokwisha alileta vipande vya muhogo mkavu, akaendelea.

Asubuhi moja aliandika ubaoni x³ − 7x + 6, tugawanye kwa x − 2. Aliniita mimi, Bénie. Nikapanga namba tu, bila x, kama njia ya Horner inavyotaka: 1, −7, 6. Nikapiga hesabu, ikabaki −4. Nikarudi kuketi nikijiona.

"Bénie, x carré iko wapi?" Madame aliuliza, akimaanisha x².

"Haiko, madame."

"Kama haiko, unaiwekea zéro. Hauiruke. Ukiiruka, benzake banaingia pa nafasi yake, hesabu yote inaharibika."

Nikaandika upya: 1, 0, −7, 6. Safari hii hakikubaki kitu.

Kabla sijaweka muhogo chini, préfet, mkuu wetu wa shule, aliingia na orodha ya mtihani wa taifa.

"Madame, futa Casimir. Bale bantu banaenda."

Casimir alizaliwa hapa hapa, lakini babu yake alitoka Kasai, na mwaka ule hilo lilitosha mtu kufukuzwa nyumbani. Familia yake ilikuwa ikilala stesheni, ikingoja treni ya kwenda Kasai, ambako Casimir hakuwahi kufika. Mpaka leo nina hasira, na aibu pia, maana mtaa wetu ulinyamaza.

"Casimir haiende bado. Iko ku gare," Madame alisema, akionyesha upande wa stesheni.

"Ni sawasawa tu."

"Hapana. Miye njo nilimufundisha. Simufute."

"Basi utajibu weye."

"Nitajibu."

Madame alimwomba orodha, akapewa, akaipeleka kwa miguu hadi ofisi ya ukaguzi, kwa sababu hakumwamini mtu yeyote kuifikisha nzima. Alirudi na namba zetu zote za mtihani. Jioni ile nilimsindikiza stesheni. Casimir alikuwa amekalia godoro lililokunjwa. Alipokea karatasi yenye namba yake, akaisoma mara mbili.

"Madame," mama yake alisema, "batamufukuza ku mulango."

"Miye nitakuwa ku mulango."

Treni ilichelewa, kama kawaida yake, na kwa mara ya kwanza tukaishukuru. Siku ya mtihani Madame alisimama mlangoni tangu asubuhi. Vijana watatu wenye fimbo walifika, wakauliza nani ametoka wapi.

"Humu muko banafunzi bangu," aliwajibu. "Weye uko mwanafunzi wangu? Unataka kugawanya na siye? Ingia."

Hawakuingia. Walisimama mkabala naye, jua likiwapiga wote, na hakuna aliyesogea. Ndani, mimi na Casimir tuliandika. Casimir alitoka wa mwisho, kurasa zote zimejaa, na wiki hiyo hiyo treni ikamchukua.

Matokeo yalipobandikwa ukutani, Madame hakutafuta jina la mtu mwingine kwanza. Alimshika préfet mkono wa shati, akamvuta hadi mbele ya karatasi, akaweka kidole pale palipoandikwa Casimir, amefaulu.

"Sasa mufute."