Fuwele ya Mwisho ya Tochi

Mtaani wanamwita Tochi, kwa sababu kazi yake ni mwanga. Ni mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja, kwa hiyo nitamsema nitakavyo: ana kichwa kigumu kama nazi, na moyo laini mno.

Ni fundi wa leza kwenye maabara ya chuo. Alinieleza mpaka nikachoka: ndani ya fuwele iliyopoozwa sana, elektroni hujipanga zenyewe safu safu, kama watu kwenye foleni ya maji. Leza ikipiga mpigo mmoja, mfupi hata kufumba jicho ni uvivu, foleni inavurugika. Yeye alitaka kuona inavyojipanga tena, basi. Ujana wake wote uliishia hapo, hata mke hakutafuta.

Fuwele yenyewe ilibaki moja, ndogo kama ukucha. Aliiotesha mwalimu wake, na marehemu aliondoka na ujuzi wake.

Asubuhi ile Tochi aliona fuwele haipati nafasi ya kupoa kati ya mpigo na mpigo. Akapunguza idadi ya mipigo. Sawa. Lakini kipimo cha nguvu ya leza husoma jumla ya mwanga wa sekunde nzima. Mshale uliposhuka, mkono wake, kwa mazoea tu, ukaongeza nguvu mpaka mshale ukarudi pale pa kila siku. Maskini ndugu yangu! Maji yaleyale, wabebaji wachache: kila mpigo ukabeba mzigo wa mamia. Kwenye skrini foleni ikavurugika, isijipange tena. Alisubiri. Wenzake walikwenda kula, wakarudi, bado anasubiri. Alipoifungua mashine alikuta fuwele imekuwa vipande vyeusi.

Mkuu wake hakumfokea. Alisema tu kwamba bila fuwele hakuna jaribio, na chumba watapewa wengine. Heri angefoka.

Nilimkuta kwake amekaa kitandani na viatu miguuni. Nikamwambia yaliyopita si ndwele, atafute mtu wa kuotesha nyingine.

“Dada, aliyejua ni mwalimu tu.”

 Mimi nisiyekosa neno hata msibani, nikauliza swali la kijinga, ilimradi aongee: zile elektroni zake, hazitajipanga tena?

“Wapi, dada?” akasema. “Hapana pa kujipanga.”

Nikainama kumvua viatu, akaniachia miguu kama enzi za utoto. Nililia nikiwa nimeinama hivyo hivyo, asinione.