Shangazi Sindano Ashona Kilimia

Mtaa mzima ulimwita Shangazi Sindano, kwa kuwa hakukosa sindano mbili tatu kwenye kola, hata akienda kupimwa presha. Alikuwa fundi cherehani kwa miaka thelathini na moja.

Asubuhi moja binti wa kaka yake, mtafiti wa nyota chuo kikuu, aliingia dukani na kompyuta kwapani.

"Shikamoo, Shangazi. Nina kazi ya ajabu."

"Marahaba. Kama ni zipu, si ajabu. Umenenepa tu."

Haikuwa zipu. Wanafunzi wasioona wangetembelea chuo, na binti alitaka waguse Kilimia, lile kundi la nyota, wajue kila nyota inaelekea wapi. Kwenye kompyuta kila mwendo ulikuwa mshale, na yote ililala upande mmoja kama nywele zilizochanwa.

"Zimezaliwa pamoja, zinasafiri pamoja," binti alieleza. "Sasa naondoa ile safari ya pamoja. Tazama."

Mishale ikawa mifupi, kila mmoja na njia yake. Shangazi akacheka.

"Kumbe kama wanangu walipokuwa wadogo! Wote tunaenda sokoni, lakini huyu anaokota kokoto, yule anamvuta mwenzake shati."

"Ndivyo hasa!"

Shangazi akachukua orodha ya nyota, akawamba kitambaa kizito kwenye fremu. Nyota zikawa shanga, na mwendo uliobaki wa kila moja ukawa uzi uliopakwa nta, mrefu kwa yenye kasi. Siku ya tisa, uzi wa nyota ya arobaini na tatu ulivuka ukingo wa fremu, tena ukielekea kinyume na safari ya wenzake. Akapima mara tatu, kisha akapiga simu.

"Huyu si wa nyumba hii."

"Fuata orodha tu, Shangazi."

"Nimeshona sare tangu hujazaliwa. Mtoto wa shule nyingine namjua hata akijichanganya na wetu."

Kwenye simu zikasikika herufi zikibonyezwa.

"Shangazi… yuko mbali mno nyuma yao. Tukitazama kutoka huku ndipo anaonekana kati yao. Nimekosea mimi."

"Basi namfumua."

Wageni walipofika kwenye ukumbi wa chuo, binti aliwaeleza jinsi nyota hizo zinavyosafiri pamoja, Shangazi akasimama pembeni. Msichana mmoja alipitisha vidole polepole, uzi kwa uzi, kisha akauliza, "Na ile safari yao ya pamoja iko wapi?"

Binti akamtazama shangazi yake. Shangazi alishika upande mmoja wa fremu, akamwashiria mpwa wake ashike wa pili.

"Msiondoe mikono, wanangu. Twendeni."

Wakazunguka ukumbi, vidole vya watu kumi na wawili, wakubwa kwa wadogo, vikiwa juu ya shanga, wakagonga kiti, wakacheka, wakaomba warudie.

Mkuu wa idara alikuwa mlangoni. Wiki iliyofuata alifika dukani mwenyewe, na orodha ya kundi jingine lenye nyota mia mbili.

"Umezikagua?" Shangazi akamuuliza, akivaa miwani.