Gia ya Nyuma Siku ya Kumzika Baba

Mnicheke tu, maana nyumbani nimeshachekwa. Baba aliacha neno kwamba gari lake la zamani liongoze msafara wa kwenda kumzika kijijini Olenguruone. Mimi, mtu wa kukaa nyumbani na simu, nikamfukuza fundi, nikaifungua giaboksi sebuleni na kuiunda upya mwenyewe.

Asubuhi ya mazishi nilimwonyesha binamu yangu swichi ya overdraivu, ile gia ya ziada ya barabara ndefu.

"Hii ikiwa imewashwa usirudi nyuma kamwe. Utavunja kila kitu."

"Sawa, profesa!"

Nikaiwasha aone taa yake. Mama akaingia garini, akaketi kando yangu. Gari la maiti lilikuwa uani likingoja tutoke kwanza, nami nikaweka gia ya nyuma. Katikati ya lango kukasikika kraa! Magurudumu yakagoma kuzunguka, gari likaziba lango.

Wanaume walisukuma mpaka wakachoka. Binamu akachungulia dirishani.

"Profesa, si umeacha swichi imewashwa?"

Wanaume wakalishusha jeneza kutoka gari la maiti walipitishe kando yetu kwa mabega, hadi kwa pikapu ya jirani iliyokuwa barabarani. Mama hakunitazama.

"Shuka," akasema. "Enda umbebe baba yako."