Mgawaji Aliyebaki

Mama mkwe wangu ni mshonaji, na hana amani na kitu chochote chenye waya isipokuwa pasi. Simu yake anaishika kwa vidole viwili kama aliyeokota panya. Kwa hiyo siku aliponifuata mezani, akasimama nyuma ya kiti changu na kuniuliza kwa sauti ya chini kama intaneti inaweza kumtafuta mtu aliyekufa, nilivua vipokea sauti nikageuka kumtazama.

"Si yeye mwenyewe," akasema. "Sauti yake. Imenitoka, mwanangu. Uso ninao, mikono ninayo, hata kile kikohozi chake cha asubuhi ninacho. Sauti nikiitafuta siipati."

Alikuwa anamzungumzia mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee wa Kanda. Alipostaafu ukarani wa mahakama alihamia chumba cha nyuma na sanduku la kanda za muziki wa dansi, akawa anazigeuza moja moja kuwa faili za kompyuta. Kurekodi kwa waya alikataa. Alidai muziki ukipita kwenye waya unakosa sauti ya chumba. Aliweka redio yake ya kaseti mezani, maikrofoni mbele yake, na kabla ya kubonyeza alitangaza kwa sauti nzito: bendi gani, mwaka gani, kanda aliipata kwa nani. Akirekodi, sote tulinyata, na yeye hakumjibu mtu hata nyumba iungue.

Kisha alizigawa bure, kwa ile njia ambayo faili haikai mahali pamoja: kila aliyenayo humpa mwenzake vipande, na anayepokea naye hugawa vile alivyokwisha kuvipata. "Mimi nina wageni usiku na mchana," alizoea kutamba, "na hakuna hata mmoja anayekula." Mama alimjibu kwamba wanaokula angalau huwa wanaaga.

Alifia humo chumbani, mchana, akirekodi. Mama alimwita chakula, hakujibu. Akamwita tena, kimya, muziki unapiga. Mama hasira zake ziko karibu. Akasimama nje ya mlango akammiminia maneno, kwamba basi aioe hiyo kompyuta, impikie na imfulie. Akarudi jikoni akaifunika sahani. Alipokwenda kumtazama baadaye, kanda ilikuwa imekwisha na mzee ameinamia meza, hana uhai. Tangu siku hiyo mama aliamini kwamba alimgombeza maiti. Msiba ulipopita alimwita mwanawe, yaani mume wangu, akamwambia, "Hilo dude litoke nyumbani kwangu. Sitaki kujua limekwenda wapi." Mume wangu akasema amempa mtu. Chumba kikafungwa, ufunguo akabaki nao yeye.

"Mumeo asijue," mama akaniambia sasa. "Mimi ndiye niliyeifukuza ile kompyuta. Leo nimwambie naitaka, na uso gani?"

Mimi kazi yangu ni kupokea simu za wateja wa kampuni ya maji, hapo hapo nyumbani, kwa kompyuta yangu. Nilipopata nafasi niliweka programu ya kugawana faili, nikatafuta kwa lile jina lake la utani. Kanda zake zilikuwapo zote. Ila wagawaji walikwisha kutawanyika. Alibaki mmoja tu mwenye mkusanyiko kamili.

"Mpigie huyo," mama akasema, akivuta kiti.

"Hapigiwi, mama. Tunaunganishwa naye."

Nikabonyeza. Ikaandika kwamba inaunganisha. Mama akatoa shati alilokuwa akilimalizia pindo, akashona, akainua macho. Bado inaunganisha. Akamaliza pindo lote, akakata uzi kwa meno. Bado.

Baada ya hapo mambo yakaharibika kabisa. Ruta yetu ya intaneti, ambayo tangu zamani ilikuwa ikikohoa, sasa ikawa inazimia. Wateja wangu walikatika katikati ya malalamiko, wakipiga tena wanarudi na malalamiko mawili. Msimamizi wangu akanikalia kooni. Niliizima ruta nikaiwasha, nikaipepea kwa gazeti, nikaitukana matusi ambayo mbele ya mama mkwe hayasemwi. Na yule mgawaji hakutoa hata kipande kimoja. Mama alipita mlangoni kwangu na futi yake shingoni, akiuliza, "Amefungua?" Nikitikisa kichwa, anaondoka taratibu, na mimi roho inaniuma kuliko nilivyotaka.

Nikamwita fundi, mtu mnene asiyeishiwa utani. Aliigusa ruta akavuta mkono haraka. "Hii mnachemshia chai?" Akafungua kompyuta yake, akatazama, akaacha kucheka. "Dada, kuna mtu humu anatumia mtandao kuliko nyinyi wote. Yeye anatoa tu. Kila anayeomba kipande, ruta inabidi imkumbuke, na hii ya kwenu ni ndogo. Wakizidi inawasahau wote, na wewe na wateja wako mkiwemo."

"Ni hii programu yangu," nikakiri.

"Yako inaomba, haijapewa kitu. Nasema anayetoa." Akasogea kwenye kompyuta yangu, akamtazama mgawaji wetu wa pekee, akatazama ruta, akamtazama tena. "Ajabu. Huyu mnayemwomba ana anwani ileile ya kwenu. Ndiyo maana hamuunganiki. Ruta hii inajua kutoka na inajua kuingia. Kutoka halafu kurudi mlango uleule, hapo inashindwa."

"Yuko wapi sasa?" mama akauliza. Sikuwa nimemwona amesimama pale.

Fundi akainama. Alianza kuchomoa nyaya nyuma ya ruta, mmoja mmoja. Wa runinga, hakuna kilichobadilika. Wa kompyuta yangu akaurudisha upesi. Ukabaki waya mkuukuu wa kijivu uliopenya ukutani, ambao sikuwahi kujiuliza unakwenda wapi. Alipouchomoa, taa za ruta zikatulia. Baada ya kitambo, kwenye kompyuta yangu, yule mgawaji naye akatoweka.

"Mrudishe!" mama akapiga kelele. "Mrudishe, baba, usimtoe!"

Fundi akauchomeka tena upesi. Sote watatu tukaufuata waya kwa macho mpaka ukutani, na nyuma ya ukuta ule ni chumba cha mzee.

Nilimpigia mume wangu dukani, kwenye duka la dawa anakouza. Nilimwambia tu aje na ufunguo. Alifika bado amevaa koti jeupe, akamkuta mama amesimama mlangoni, na hakuhitaji kuambiwa. Akafungua. Chumba kilikuwa na joto. Redio ya kaseti, maikrofoni, kiti kimesogezwa pembeni, na kompyuta mezani inanguruma chini ya vumbi.

"Ulisema umempa mtu," mama akasema.

"Nilisema hivyo, mama. Niliingia kuizima. Nikakuta watu wanachukua nyimbo zake, mmoja huku, mmoja kule. Nikaona baba bado yuko kazini. Mkono ukakataa."

"Na mimi hukuniambia."

Mume wangu akatazama sakafu. "Siku baba alipofariki, kompyuta ilikuwa bado inarekodi. Mimi ndiye niliyeisimamisha siku ile. Na wewe umo, mama. Nilisikiliza mpaka ulipoanza kusema, nikashindwa kuendelea. Niliogopa ukiisikia utakufa."

Fundi akajidai anatafuta bisibisi mfukoni. Mama aliingia, akakaa kwenye kile kiti, akakunja mikono juu ya futi yake.

"Iweke."

Mzee akatangaza bendi yake, mwaka wake, na rafiki aliyempa kanda. Mama akaziba mdomo kwa kiganja. "Ndiyo hiyo," akasema. "Jamani, ndiyo hiyo." Gitaa likaingia. Kisha kwa mbali mama anaita chakula. Anaita tena. Halafu ndala zikaja mpaka mlangoni, na maneno yote yakatoka, ya kuoa, ya kupikiwa, ya kufuliwa. Mume wangu akanyoosha mkono azime, mama akaushika akaubana. Ndala zikaondoka. Ndipo, karibu kabisa na maikrofoni, kwa pumzi fupi, yule asiyejibu mtu akirekodi akajibu.

"Nakuja, mke wangu. Nakuja."

Kiti kikalia. Baada ya hapo ni gitaa tu.

"Alikuwa hai," mama akasema. Alitutazama mmoja mmoja, kama anatuomba tumkatalie. "Alikuwa hai, akanijibu, na mimi nilishaondoka." Halafu akalia, si kile kilio cha msibani cha kusikiwa na watu. Alilia kwa sauti ndogo, ameinamia meza, na mume wangu alipiga magoti na koti lake jeupe akamshika miguu. Mimi nililia kwenye korido.

Kabla ya kuondoka fundi aliiwekea ile kompyuta kikomo, itoe kidogo kidogo, ruta ipumue. Akauliza kwa adabu kama aizime kabisa.

"Waache wageni wake," mama akasema. "Lakini hiyo ya mwisho asipewe mtu."

Siku hizi simu zangu hazikatiki. Mchana mama huweka mkasi chini, huingia chumba cha nyuma na kufunga mlango, nami huvua vipokea sauti. Namsikia mzee akitangaza. Nasikia ndala, na yale maneno, ambayo mama huyaacha yapite yote bila kuruka hata moja. Mzee akishasema anakuja, kimya. Mwanamke anayeogopa kushika simu amejifunza mahali hasa pa kubonyeza, na sehemu inayofuata, ile ya gitaa peke yake, hajaiacha ipige hata siku moja.