Uraibu wa Chuma Kinene

Kwa miaka thelathini na miwili nilifundisha Kiswahili katika shule ya msingi, na kila mwaka niliwapa watoto insha ileile: "Uraibu Wangu". Waliandika mpira, kusoma vitabu na kuogelea, ingawa wengi wao hawakuwa wamewahi kuona bwawa la kuogelea. Nilisahihisha uongo huo kwa kalamu nyekundu na kuupa alama. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza, "Na wako, mwalimu?" Angeuliza ningemkaripia, maana sikuwa nao.

Nilipostaafu niliamua kuwa na wangu. Nilitaka kuchomelea chuma. Si bati wala vibomba vya madirisha, bali chuma kinene cha milimita kumi, kile ambacho ukikiangusha ni sakafu inayoumia. Nyuma ya ukuta wa shule yetu palikuwa na karakana, na miaka yote hiyo nilifunga madirisha na kuwakataza watoto wasitazame ule mwanga kwa sababu unapofusha. Wao walinitii. Aliyekuwa akitazama kupitia kati ya vidole ni mimi.

Nilitaka kuunda benchi ya kuweka nje ya mlango wangu, mtaa wa Ziwani. Kwetu kitu cha chuma kikilala nje, asubuhi kiko kwenye mizani ya wanunuzi wa skrepu. Benchi yangu ingekuwa nzito kiasi kwamba mwizi akiijaribu angeondoka na kiuno kilichoteguka. Wazo hilo lilinichekesha kwa miezi, na mwanamke wa umri wangu anayeishi peke yake hapati vingi vya kumchekesha.

Fundi wa ile karakana alikuwa mwanafunzi wangu zamani. Sasa ana mvi nyingi kuliko zangu, lakini bado akiniona hutupa sigara. Ndiye niliyemwendea kwanza.

"Ticha, mashine ya rodi itakuchosha," alisema. "Mkono ukitetemeka kidogo, imegandia. Chukua ile ya MIG. Waya inajitoa yenyewe, wewe unabonyeza tu."

"Basi ni rahisi."

"Ni rahisi kukudanganya. Kwa chuma nene hiyo kitu ni muongo sana. Juu unaona mshono unang'aa, chini haijashika kitu."

Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari, nikaanza kuzunguka maduka ya mashine, yale unayokutana nayo ukitoka soko la Muthurwa kuingia mjini. Katika kila duka muuzaji alitazama nyuma yangu kumtafuta mwanamume niliyekuja naye.

"Karibu, mathe. Unatafutia kijana wako?"

"Ninajitafutia."

"Basi chukua hii ndogo. Ni nyepesi, hata wewe utabeba. Inachoma kila kitu."

"Inachoma dakika ngapi kabla ya kupumzika?"

Hapo ndipo wengi wao walipokumbuka simu zao. Fundi alikuwa amenielekeza vizuri: namba kubwa ya nguvu iliyobandikwa ubavuni ni ya kuuzia, si ya kuchomea. Ya kweli imeandikwa nyuma kwa herufi ndogo, kwamba kwa nguvu hiyo, katika kila dakika kumi mashine itafanya kazi dakika ngapi na kupumzika ngapi. Niliona zilizojiita mia mbili hamsini, kumbe zinachoma dakika moja na nusu halafu zinakaa kama mgeni anayesubiri chai. Nilivaa miwani nikasoma kila kibandiko mpaka mwisho. Vingine vilikuwa na makosa ya tahajia, na hivyo niliviwekea kinyongo zaidi.

Mwishowe zilibaki mbili. Ndogo, ya kuchomeka kwenye soketi yoyote, na kubwa, ya kuunganishwa na mtungi wa gesi, iliyohitaji waya wake maalumu kutoka kwenye mita. Fundi alinishauri nichukue ndogo.

"Stima ya Ziwani haiwezi beba hiyo kubwa, ticha. Utazima watu wote. Anza na hii. Ukipata chuma nene, ichonge kingo na grainda, ipashe moto, uichome mara tatu, nne, polepole."

Ulikuwa ushauri mzuri, nami niliukataa. Maisha yangu yote nilikuwa nimefanya mambo mara tatu, nne, polepole. Mara hii moja nilitaka kitu chenye nguvu ya kutosha. Nikanunua kubwa, na nilikuwa sahihi, na kama ningekosea mashine ingekuwa bado yangu.

Kwa sababu kwangu haikuweza kuwaka, niliipeleka mtaa wa Fedha kwa kaka yangu. Yeye alijenga nyumba yake mwenyewe, na waya wa jiko lake la umeme ni mnene kama kidole gumba. "Ilete hapa, dada," alisema. "Nyumba yangu ni nyumba yako." Mimi mwalimu wa lugha sikufikiria sentensi kama hiyo ikigeuzwa husemaje.

Nilikwenda kila Jumamosi. Pleti zangu za chuma nilizipanga kando ya ukuta wa uani, nikazikata, nikazichonga kingo. Mshono wa kwanza ulitoka mzuri mno, mawimbi madogo yaliyolala sawasawa, nami nilijivuna nao hadi karakana. Fundi alikifunga kile kipande kwenye jiliwa, ambayo wao wote huiita vaisi, akakipiga nyundo moja. Kikaachana kama biskuti.

"Imelala juu tu, ticha. Haijashika."

Wiki baada ya wiki nilimpelekea vipande, naye akavivunja bila kunionea huruma, kama nilivyokuwa nikimfanyia yeye na insha zake. Niliongeza nguvu, nikapunguza mwendo, nikajifunza kusikiliza sauti. Halafu siku moja alipiga nyundo, akapiga tena, akavua koti, akapiga mpaka kipande kikapinda kabisa. Mshono haukuachia. "Hii sasa imeshika," alisema. Nilikibeba kipande hicho kwenye mkoba hadi nyumbani na kukiweka juu ya friji. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile, hata siku ya arusi yangu, na kwa siku ya arusi yangu nina hakika.

Jumamosi mbili baadaye nilifika Fedha nikakuta turubai la kufunikia mashine limekunjwa vizuri, jambo ambalo kaka yangu hajawahi kulifanya. Pleti zangu zilikuwa zimelazwa juu ya mtaro wa langoni ili gari lipite.

"Mashine iko wapi?"

"Kaa kwanza. Wifi yako analeta chai."

"Iko wapi?"

"Nimempa mkwe wangu. Amefungua kibanda pale barabarani. Ana watoto, dada, na wewe unajua hali ilivyo."

"Hukuniuliza."

"Ningekuuliza nini? Siku sita za wiki imelala chini ya turubai. Mwenzako anatafuta riziki, wewe unachezea."

"Sichezei. Ni uraibu wangu."

Alicheka, na si kwa ubaya. "Umelisema mwenyewe. Mtu mwenye uraibu huombewa auache. Inshallah benchi utaunda siku nyingine."

Neno hilo lina sura mbili. Katika vitabu vyangu vya darasani ni jambo ulipendalo, na mtaani ni lile linalowalaza watu kwenye mitaro. Kwa miaka yote nilikuwa nimefundisha nusu yake. Nilimchukia kaka yangu pale, ndugu yangu wa tumbo moja, nilimchukia pamoja na sauti yake ya upole na chai ya mkewe. Lakini nani atasimama mbele ya watu aseme benchi yake ni muhimu kuliko uji wa watoto wa mtu? Hakuna methali iliyo upande wangu. Ninazijua zote. Nikanywa chai, nikaondoka.

Siku chache baadaye nilikwenda kibandani. Mkwe alikuwa akiunda vyuma vya dirisha, vile vibomba vyembamba ambavyo hata mashine ya mtoto ingevichoma. Mashine yangu ilikuwa kwenye namba ya chini kabisa. Aliponiona alizima, akavua helmeti.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba."

"Nashukuru sana. Baba amesema ulikubali mwenyewe, ukasema ni baraka."

Alipangusa mashine vumbi kwa kiganja, kwa adabu, ili nione anavyoitunza.

"Shangazi, hebu nisaidie. Hii ukizungusha mpaka huku mwisho inafanya nini? Kuna mtu anataka nimuundie trela. Chuma yake ni nene, nami naogopa kuiharibu."

Nilijua jibu. Ningeweza kumweleza kwa dakika tano: kingo zichongwe hivi, nguvu iwekwe hapa, sikiliza sauti. Kazi moja kama ile ingemletea nyingine, naye angeacha vibomba. Badala yake nilichukua chaki yake ya kupimia, nikachora mstari mfupi kando ya kile kitufe cha kuzungusha, karibu kabisa na mwanzo.

"Usivuke hapa," nilimwambia. "Ukivuka itaungua. Hii si mashine ya chuma kinene."

Alinishukuru mara mbili. Ile kazi ya trela akaikataa. Mpaka leo hupita pale nikienda kwa kaka yangu, na mstari bado upo. Ukififia, yule mkwe huuchora upya mwenyewe. Huniamkia, nami huitikia marahaba na kupita.