Nzisa Achagua Mkeka wa Boti

Kuna watu ambao ukiwaonyesha kitu kipya hukitazama usoni. Nzisa hukipindua. Kwa miaka thelathini na ushei amesuka vyondo kule chini ya Kanyangi, karibu na mto Athi, na kiondo huanzia kitakoni. Asiyejua kuanza kitako hana kiondo, ana kamba tu. Basi kitako ndicho anachokitafuta katika kila kitu. Akikaribishwa kwa mtu ataketi, atashukuru, kisha utamwona ameinama kukunja pembe ya zulia aone limefungwaje upande wa chini. Kanisa lilipoletewa zulia la madhabahuni, yeye ndiye aliyelipindua kwanza, akasema mbele ya watu kwamba gundi yake ni ya kitoto na halitafika Krismasi. Wengine waliona ni utovu wa adabu. Zulia halikufika Krismasi.

Sasa mwaka jana kilitokea kitu cha kupinduliwa ambacho hakikuwa cha maringo, kilikuwa cha mguu wa mumewe.

Akina mama wa kanisa wana boti yao mtoni. Si boti ya kupigia picha: ni mapipa ya chuma ambayo fundi Nyamai aliyachomelea pamoja, juu yake bati nene limetandazwa kama meza, reli pande mbili, na kamba ndefu iliyofungwa kwenye miti ya ng'ambo zote mbili. Gedion, mwendesha boti, hushika kamba akavuta, boti ikaenda. Kiangazi watu huvuka Athi kwa miguu juu ya mawe, wakaisahau boti kabisa. Mvua ikinyesha huko juu, mto ukawa mwekundu na mpana, hakuna njia nyingine ya kufika upande wa Makueni.

Mbuvi, mumewe Nzisa, alikuwa na safari ya ng'ambo kila Jumanne. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umeshamchukulia mguu wa kulia chini ya goti, na sasa kidonda kilikuwa kimefunguka kwenye ule uliobaki. Muuguzi aliyekijua kidonda hicho alikuwa katika zahanati ya ng'ambo, si mbali na mto. Kwenda Kitui kulitaka mtu apande pikipiki mwendo mrefu kwenye barabara iliyochimbika, na mtu wa mguu mmoja hawezi kufanya hivyo kila juma.

Mvua za Novemba zilipoanza, Mbuvi alipanda boti na magongo yake. Bati lilikuwa limelowa. Gongo likateleza, naye akaanguka chali mbele ya kwaya nzima iliyokuwa ikivuka kwenda kuimba. Hakuvunjika kitu. Lakini alirudi nyumbani akasema hatakanyaga tena kile kikaango.

"Nitaosha kidonda hapa hapa kwa maji ya chumvi," alisema.

"Baba Musembi, maji ya chumvi si muuguzi," mkewe akamjibu.

"Na mimi si kichekesho cha kwaya."

Jumanne mbili zikapita. Katika ile ya pili Nzisa alipokuwa akimwosha aliona dole gumba limeanza kuwa jeusi. Mbuvi akaona kwamba mkewe ameliona.

Jumapili hiyo, ibada ilipokwisha, Nzisa alisimama katika mkutano wa akina mama akasema sitaha ya boti, yaani lile bati wanalokanyaga watu, lazima ifunikwe kabla mtu hajafa. Hakuna aliyepinga. Kasiva, mwenyekiti, alikuwa na jibu tayari.

"Tuweke mkeka wa mbao. Nimeuona sebuleni kwa dada yangu huko Wote. Unang'aa, hata unajiona uso."

"Sasa mwenyekiti," Nzisa akauliza, "abiria wanataka kujiona uso ama wanataka kusimama?"

Akina mama wakaangua kicheko. Kasiva, ambaye si mtu wa kushindwa kwa maneno, akasema, "Haya. Wewe unayepindulia watu vitu, nenda na Nyamai mkapindue huko Kitui."

Wakaenda. Mtu akawaelekeza kwenye duka la Ismahan, mwanamke wa Kisomali aliyezaliwa Kitui na anayesema Kikamba kuliko vijana wengi wa Kanyangi. Alisikiliza shida yao huku akizuia tabasamu.

"Mkeka wa boti? Mama, nimeuza wa sebule, wa ofisi, hata wa gari la maiti. Wa boti hakuna mtu ameniuliza."

"Basi leo umeulizwa, mwanangu. Tuonyeshe."

Ismahan akafungua kwanza mkeka wa mbao. Nyamai aliguna kwa kupendezwa. Nzisa aliukunja pembe, akatazama chini, akatazama juu tena, akapitisha ukucha.

"Aiya! Huu haujasukwa mahali popote. Hii ni picha ya mbao imewekwa juu ya plastiki."

"Ndivyo unaitwa, mama. Mkeka wa mbao."

"Si mkeka, na si mbao. Jina zima ni uongo." Akatemea mate kidoleni, akasugua. Kidole kikateleza kama kwenye sahani. "Huu ndio utamwangusha mtu mara ya pili."

Ismahan hakukasirika. Alimtazama yule mama kwa makini zaidi, kisha akaenda nyuma ya duka akarudi na mabunda matatu yenye vumbi, masalio ya kazi ya gesti moja ya Mtito Andei. "Huu sasa umesukwa kweli," alisema. "Plastiki, lakini imesukwa kwa mashine, uzi kwa uzi. Unaitwa vinili ya kusukwa."

Hapo Nzisa aliinama karibu. Nyuzi zilikuwa nyembamba kama za mkonge uliosokotwa vizuri, zikipita juu moja, chini moja, bila kosa, kutoka mwanzo wa bunda hadi mwisho. Ni mkono gani huo usiochoka, usiosengenya huku ukisuka? Alichomoa kijiuzi kilichojitokeza pembeni akakitia mdomoni, kama wasukaji wanavyoujaribu mkonge.

"Mama, unakula bidhaa!"

"Ninauliza," Nzisa akajibu huku akitafuna. "Ndani kuna kitu kingine."

"Ndani kuna kamba ndogo. Plastiki imevishwa juu yake kama ngozi. Ndiyo maana hainywi maji na haiozi."

"Uzi haunywi. Na mgongo je?"

Akayapindua yote matatu. La kwanza, lenye mistari myekundu na myeusi kama kiondo cha harusi, lilikuwa na mgongo wa sufi nene mithili ya blanketi. Mengine mawili yalikuwa na mgongo wa plastiki ngumu. Nyamai alikuwa ameshavua viatu, amesimama juu ya lile la mistari akitabasamu. "Hili, mwaitu," alisema, akimwita mama kwa Kikamba. "Miguu inashukuru."

"Miguu yako miwili," alisema Nzisa. "Mwanangu, una karai la maji?"

Kwa hiyo Ismahan, ambaye asubuhi hiyo alidhani atauza mazulia, alijikuta akikata vipande na kuvilowesha karaini, kisha akamimina chai wakingoja. Walipovitoa, kipande cha sufi kilikuwa kizito kama mtoto mchanga, na kilipokamuliwa kikatoa maji, kikatoa tena.

"Hiki kinakunywa kama ng'ombe wa kiangazi," Nzisa akasema. "Kitakuwa kimeoza chini, huku juu kinacheka."

Yakabaki mawili. Nzisa akatoa kiondoni mwake raba ya gongo la mumewe, ile ya zamani, akaivisha kwenye mpini wa ufagio, akaegemea kwa uzito wake wote juu ya kipande kilicholowa. La pili lilikuwa limesukwa kwa kulegea, na raba ikanasa kwenye nyuzi zikainuka. Kwato ya mbuzi ingefanya hivyo hivyo. La tatu lilisukwa kwa kukazwa. Alisukuma mbele, akasukuma kando, akajaribu kuidanganya raba iteleze. Haikuteleza. Aina hiyo duka lilikuwa nayo kwa rangi mbili, hudhurungi na ya mchanga, naye akaweka kipande cha kila rangi kwenye jua la mchana nje ya mlango, akakaa kando yake kama anayechunga mahindi. Kile cha hudhurungi kilimchoma kiganja. Akachagua cha mchanga.

Walipokuwa wakifunga mzigo Ismahan alimwambia, "Mama, kitu kimoja. Ukingo usiuguse. Huyu fundi aubandike gundi, aubane na vyuma. Ukifungua uzi mmoja, nyingine zinafuata."

"Mwanangu," alisema Nzisa, "mimi na ukingo tumezeeka pamoja."

Elimu ya mtu ikishakuwa kubwa humziba masikio. Alichosikia Nzisa ni sauti ya muuza duka, hakusikia onyo.

Siku iliyofuata, Nyamai akiwa amekwenda kutafuta vyuma, Nzisa alikaa kivulini na mkeka mapajani. Ukingo uliokatwa ulimkera. Kiondo hakiachwi hivyo, kama shati lisilopindwa. Mdomo wa kiondo hufunguliwa kidogo, nyuzi zikaachwa zining'inie, kisha zikasukwa zenyewe kwa zenyewe na kufungwa mafundo. Akafungua uzi wa kwanza. Akafungua wa pili. Akaanza kusuka na kukaza.

Fundo la mkonge likikazwa hung'ata. Fundo la vinili lilijikunjua taratibu, kama mtoto anayejinyoosha asubuhi. Alikaza tena, likajikunjua tena, na kila alipovuta huku, msuko ulirudi nyuma kule. Alipoinua macho, ubavu mzima ulikuwa umefumuka zaidi ya shubiri moja, na bado ulikuwa unaenda. Akakimbia jikoni, akatia kisu kwenye makaa mpaka kikawa chekundu, akakipitisha kando ya msuko. Plastiki ikayeyuka, ikashikana, ikasimama. Harufu mbaya ikajaa uani.

Nyamai aliporudi alipima mara mbili. "Hautoshi," akasema. Kisha akashusha sauti, maana ni mtu mwema lakini anapenda njia fupi. "Mwaitu, si tuseme tu duka lilipima vibaya? Ismahan yuko Kitui. Hakuna mtu atamuuliza."

Nzisa alizitazama zile nyuzi zilizolala chini. Kwa dakika moja, nataka isemwe wazi, neno hilo lilimvutia. Angebaki yule yule anayepindua vitu vya watu na asiyekosea. Na Ismahan alimpa chai.

"Hapana," alisema. "Aliniambia, nikamfundisha kazi."

Jioni aliwaita akina mama mtoni, akautandaza mkeka juu ya boti mbele yao, na bati likaonekana upande mmoja, tupu. "Huu ukingo nimeuharibu mimi. Niliambiwa nisiuguse, nikaugusa."

Halafu Kasiva akasema, "Kwa hivyo leo kitako ni kizuri, mdomo ndio mbovu!" na kicheko kilichotoka hapo kilisikika mpaka Makueni. Kasiva mwenyewe alicheka hata akakaa chini. Nzisa alisimama akakipokea chote. Yeye mwenyewe alikuwa amewafanya wengine wachekwe hivyo mara nyingi.

Gedion ndiye aliyengoja wamalize. "Lakini sanduku la majaketi ya kuokolea si liko katikati, watu wanajikwaa? Tuliweke hapo patupu. Hakuna mtu atakanyaga."

Nyamai akabandika gundi, akabana kingo na vyuma bapa, akafunga bolti. Sanduku likahamia pembeni.

Jumanne iliyofuata asubuhi Mbuvi alishuka hadi mtoni. Alisema amekuja kuangalia tu. Alisimama juu ya magongo, akaitazama boti kwa muda mrefu, jinsi mtu anavyomtazama ng'ombe aliyewahi kumpiga teke.

"Kwa nini sanduku limehama?" aliuliza.

Mkewe angeweza kumjibu lolote. "Nilifumua ukingo nikidhani ni kiondo. Linaficha mahali palipobaki."

"Wewe?"

"Mimi."

"Akina mama wanajua?"

"Niliwaambia wote, hapa hapa uliposimama."

"Wakacheka?"

"Baba Musembi, walicheka! Kasiva alikaa chini."

Mbuvi akamgeukia, akamtazama usoni, naye Nzisa hakuinamisha macho. Kitu kikalegea katika shingo ya yule mzee. Ilikuwa kama mtu aliyekuwa akikaa peke yake kwenye benchi, mwingine akaja akaketi kando yake.

"Gedion," akaita, "mwaga maji hapo. Mengi."

Gedion akachota ndoo mtoni akaimwaga yote. Maji yakatiririka juu ya msuko, yakashukia kandoni. Mbuvi akaweka gongo la kwanza, akaegemea. Akaegemea zaidi, mpaka mishipa ya mkono ikasimama. Raba ilibaki pale pale. Akaweka la pili. Kisha akauinua ule mguu wenye kidonda, akauweka ndani ya boti, na hakumpa mtu yeyote mkono.

Gedion akaishika kamba.

Zahanatini muuguzi alikifungua kitambaa, akaguna, akabonyeza hapa na pale huku akiuliza kama anasikia. Nzisa alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mumewe, vidole vimekamata kiegemeo.

"Mmechelewa," muuguzi alisema hatimaye. "Hiki kidole siwaahidi. Lakini hapa juu bado kuna damu, mguu unaweza kubaki. Ukija kila Jumanne, mzee. Si Jumanne moja moja unayojisikia. Utaweza, na mto huu?"

Mbuvi akasukuma kadi yake ya kliniki mezani, mbele ya muuguzi.

"Andika Jumanne zote," alisema.